Majina Yalifichwa, Kisima Kikabaki

Kabla Mwalimu Roda hajatuletea blogu yake, darasa letu la sheria ya ushahidi lilikuwa na watu watatu tu wanaoongea. Wa kwanza Deeq, kiranja wetu, kijana wa Wajir anayependa sauti yake mwenyewe kuliko chakula. Wa pili mimi, Ilhan, mtoto wa Waberi hapa hapa Garissa, ambaye siwezi kusikia upuuzi wa Deeq nikanyamaza. Wa tatu Mwalimu mwenyewe. Wengine walikuja kupigwa na feni. Hasa wasichana wenzangu: walikaa safu ya nyuma, wakaandika kila kitu, na wakiulizwa swali waliinamia madaftari mpaka swali lipite.

Mwalimu Roda ni Mkamba wa Kitui, mwembamba, mpole wa sura, lakini siku moja upole ulimwishia. "Nimechoka kufundisha ukuta," alisema. Akatufungulia blogu ya darasa. Kila mmoja angeandika kisa cha kwao, jambo lililotokea kweli na ambalo lingehitaji ushahidi kama lingefika mahakamani. Wenzake wangetoa maoni chini yake. Majina ya watu yafichwe. Alama zingetolewa kwa kuandika na kwa kujibu. Na blogu ingekuwa wazi kwa yeyote mwenye simu, kwa sababu, alisema, sheria inayojifungia darasani haimsaidii mtu. Juu kabisa aliandika swali lake la kwanza: Nani anaweza kuwa shahidi?

Nilichukia. Tuko mwaka wa tatu, tunataka kuwa mawakili, halafu tunaambiwa tukablogu kama wasichana wanaouza manukato mtandaoni! Nilimwambia Sahro hivyo tulipokuwa tunarudi nyumbani, na Sahro, kama kawaida yake, akatabasamu tu.

Sahro naishi naye. Mama yangu ana vyumba viwili na sebule nyuma ya nyumba yake kule Waberi, na Sahro alipotoka kwao Griftu kuja chuoni nilimwomba Mama ampe, nami nikahamia humo ili nipumzike na kelele za wadogo zangu. Mwaka huu mdogo wake Sahro, Ugbad, alikuja kukaa nasi awe karibu na kliniki ya macho. Ugbad amemaliza kidato cha nne, ana kitambulisho chake, ana ulimi wa kuchekesha watu, na ana jicho moja linaloona. La kulia lilikwenda. Nilijua lilikwenda kwa fimbo, kisimani. Zaidi ya hapo sikujua, maana nyumba nzima tulikuwa na adabu ya kutouliza. Tulipokuwa darasani yeye alifua, akapika, akatuwekea chai ya maziwa kwenye chupa. Nasi tulikunywa.

Basi blogu ikaanza, na wallahi nilimeza maneno yangu. Wale wa safu ya nyuma waliandika! Mvulana mmoja wa Sangailu, ambaye sikuwahi kujua sauti yake ikoje, alieleza habari ya ng'ombe mwenye alama mbili za moto, ya familia hii na ya familia ile, na akauliza ngozi ya ng'ombe ni ushahidi wa namna gani. Tukabishana mpaka kwenye foleni ya kantini. Rukiyo, anayeongea kwa kunong'ona hata akiagiza soda, alimwandikia Deeq maneno makali hadi Deeq akanywea siku nzima. Mwalimu Roda aliingia darasani akitembea kama mtu aliyeota mbawa.

Kisha Sahro akaandika.

Aliita kisa chake "Zamu ya Maji". Kilikuwa kifupi. Ilikuwa kiangazi, aliandika, na zamu ya kunywesha ilikuwa ya familia ya msichana mmoja. Msichana alikuwa ameshateka na kujaza hodhi. Akaja kijana na ngamia zake, akataka kuingilia. Msichana akasimama mbele ya hodhi akasema zamu si yako. Kijana akampiga usoni kwa fimbo ya kuchungia, akanywesha ngamia zake, akaondoka. Wazee wa pande mbili wakakaa. Kijana akakiri. Ngamia wakatoka upande mmoja wakaenda upande wa pili, wakagawanywa kwa wanaume, Fatiha ikasomwa, na ikakubaliwa kwamba jambo hilo lisitajwe tena. Msichana alikuwa hospitalini. Aliambiwa aliporudi. Mwishoni Sahro aliuliza: Je, jicho lilikuwa la nani?

Nilisoma nikiwa nimesimama jikoni, nikashindwa kukaa. Ugbad alikuwa anakata vitunguu mbele yangu.

"Umesoma?" akaniuliza.

"Nimesoma. Nitawachinja kwa maneno, abaayo, dada yangu, ngoja uone."

"Watasema nini, unafikiri?"

"Waache waseme. Hiyo ni kazi yetu," nikamwambia, nikatoka na simu yangu.

Mwalimu Roda alimwandikia Sahro maoni ya kwanza: umeandika vizuri, na utambulisho wa wahusika umeuficha kabisa, hongera. Hata mimi niliona hivyo. Hakukuwa na jina la mtu hata mmoja. Lakini Sahro alikuwa ametaja kisima. El Gudud, upande wa Griftu.

Mimi maji yangu yanatoka kwenye mfereji, yakipenda kutoka. Mwalimu maji yake hata yeye hajui yanatoka wapi. Hatukujua kwamba kule kwa kina Sahro kisima kina wenyewe kama nyumba ilivyo na wenyewe. Ukitaja kisima umetaja ukoo unaoteka pale, na ukitaja kiangazi kipi umetaja zamu ilikuwa ya nani. Alikuwa ameficha majina yote ya watu, akaliacha lile moja linaloyabeba yote. Nilipomuuliza baadaye alinishangaa mimi. "Sasa ningeandika wapi? Pale mahali panaitwa El Gudud," alisema.

Deeq alijua kwenye mstari wa kwanza. Kijana wa fimbo ni binamu yake, Khalif, mtoto wa amu yake. Kabla hajamaliza kusoma alishapiga picha ya skrini na kuitupa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wao, kutoka Wajir hadi Eastleigh. Kisha akaja kwenye blogu akiwa amevaa suti ya maneno. Mwandishi anatia chumvi, aliandika. Suala hili lilimalizwa kwa maslaha, usuluhishi wa wazee wetu, na maslaha ndiyo iliyotuwekea amani tangu kabla ya mahakama. Wanaofukua yaliyozikwa wanatafuta alama za bure.

Alama za bure! Nilimjibu hapo hapo. Nilimjibu na kumjibu tena. Nikamwambia kumtoa mtu jicho ni kujeruhi vibaya, na kujeruhi vibaya ni jinai, na jinai ni kesi ya serikali, si ya baba wala ya wazee wala ya ngamia. Rukiyo akaniunga mkono. Wavulana wawili wakamuunga Deeq. Mtu wa Mandera tusiyemjua akaingia kututukana sote. Mwalimu Roda alikuwa analia darasa lishiriki. Likashiriki hadi likapasuka.

Na katikati ya moto huo akatokea Khalif mwenyewe.

Sikuamini. Jina lake kamili, picha yake amevaa miwani ya jua, amejiegemeza kwenye gari la Probox. Aliandika: "Mimi ndiye. Sijifichi kama nyinyi. Nilimpiga fimbo, sikukataa mbele ya wazee, watu wangu walitoa ngamia, Fatiha ikasomwa. Nini tena mnataka kwangu? Nyinyi someni vitabu vyenu."

Rudia kusoma kama nilivyorudia mimi. Mtu anakiri kosa la kwenda jela mbele ya darasa zima la wanafunzi wa sheria, na anakiri kwa kujisifu! Lakini ukimjua Khalif na mahali alipokulia, hakuwa mjinga. Maisha yake yote amefundishwa kwamba mambo huanza mtu akikataa, na huisha mtu akikiri. Ukishakiri na kulipa umeoga. Alikuwa anatuonyesha jinsi alivyo safi.

Nilicheka kwa hasira mpaka Mama akaja kuchungulia dirishani. "Tumempata!" nilipiga kelele. "Sahro, tumempata, amejifunga mwenyewe!" Sahro alikuwa amekaa kitandani ameshika simu kwa mikono miwili. Ugbad alikuwa mlangoni na chupa ya chai.

"Ilhan," Ugbad akasema, "mtu akienda kuandikisha kesi polisi baada ya muda mrefu hivyo, wanakubali?"

"Jinai haizeeki," nikamjibu bila kuinua kichwa. "Kosa kubwa kama lile halina mwisho wa muda."

"Na kama ilitokea Griftu, ni lazima ukaandikishe Griftu?"

"Kituo chochote. Wataituma Wajir, lakini lazima waandike kwanza. Niwekee chai, abaayo, nimemkamata Deeq hapa."

Akaniwekea.

Darasani kesho yake Deeq alikuwa ananingoja akitabasamu. Mwalimu Roda alikuwa amelileta jambo lile ubaoni bila kutaja mtu: je, maneno ya namna hii yanapokelewa mahakamani? Nikasimama mimi nikiwa na povu, nikasema huyu amekiri, kwa jina lake, kwa maandishi. Deeq akasimama taratibu, akarekebisha kola.

"Mwalimu, mwenzangu amesoma kwa hasira," alisema. "Ungamo la mshtakiwa halipokelewi mpaka alitoe mbele ya jaji, au hakimu, au afisa wa polisi kuanzia cheo cha inspekta asiyepeleleza kesi yenyewe. Blogu si hakimu. Komenti si ungamo. Kwa hiyo mna nini mkononi? Hamna kitu."

Nilimtazama Mwalimu Roda anikanushie. Hakunikanushia. "Deeq yuko sawa," alisema, na nikaona jinsi maneno yale yalivyomkera kuyatoa. "Sheria iliwekwa hivyo ili watu wasikirishwe kwa mateso. Komenti ile peke yake haitamfunga mtu. Atahitajika shahidi."

Wavulana wa nyuma ya Deeq wakapiga meza. Nilikaa chini nikiwa nimewaka masikio. Kumbe ndiyo sheria niliyoipenda hii, inamsikia mtu akisema nilimpiga kisha inaziba masikio? Nilitaka kuchana kitabu. Mwalimu alikuwa anaendelea kusema kitu kuhusu mashahidi, lakini mimi nilikuwa nishafungua simu natafuta njia ya kumrarua Deeq.

Jioni ile simu ya Sahro iliita. Alikuwa baba yao, Mzee Dubow, kutoka Griftu. Sahro alisikiliza muda mrefu, akasema "haye, Aabo," yaani sawa, Baba, akakata. Mzee Kerrow, amu yake Khalif, alikuwa amekwenda kwao na watu wake. Alisema kunyamaza kulikuwa sehemu ya maslaha, na binti wa Dubow ameivunja. Maandishi yakibaki, ngamia watadaiwa, na kisima cha El Gudud kitakuwa hakinyweki kwa watu wa Dubow. Kwa hiyo baba ametoa uamuzi. Maandishi yaondoke, au Sahro arudi nyumbani na masomo yaishe.

"Futa basi," nilimwambia, nikijichukia. "Umebakiza mwaka mmoja tu, walaal, ndugu yangu. Futa."

Sahro akatikisa kichwa. "Nimenyamaza maisha yangu yote," alisema. "Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichosema kwa sauti. Sifuti." Kisha akalala akiangalia ukuta.

Wazee hawakungoja. Walikuja Garissa wote wawili, Dubow na Kerrow, na kwanza walikwenda chuoni. Nilikuwa nje ya ofisi ya Mwalimu Roda, na mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Mzee Kerrow alianza kwa heshima. Ana ndevu nyekundu za hina na sauti ya mtu aliyezoea kungojewa amalize.

"Mwalimu, salaam aleikum. Sisi hatuna ugomfi na wewe. Lakini hii maneno ya blog naharibu amani ya watu. Wewe ni mgeni, hujui. Bonyeza tu, itoke. Kitu kidogo."

"Mzee, nakuheshimu," Mwalimu akasema. "Lakini si mimi niliyeandika. Mimi nilifungua mlango tu. Mwandishi ndiye anayeweza kufuta."

"Mkubwa wako amesema wewe naweza."

"Mkubwa wangu ameniambia pia. Nimemjibu hivyo hivyo."

"Na kama sisi tunaenda bolisi, tunasema wewe nachochea watu?"

"Nendeni, mzee," Mwalimu Roda alisema. "Ningefurahi sana mkienda polisi." Nilimsamehe yote siku ile, hata kumkubalia Deeq.

Kutoka hapo wakaja Waberi.

Mama yangu aliwapokea kama wageni wanavyopokewa, akawaketisha sebuleni kwetu kwenye mito, akatuita tusalimie, kisha akarudi kwake kwa sababu jambo halikuwa lake. Mzee Dubow alikaa upande mmoja. Ni mtu mrefu aliyekonda, na hakumwangalia Ugbad usoni. Alimsalimia akitazama mkeka. Kerrow alikaa mkabala. Deeq alikuja naye, ameketi karibu na mlango na simu yake, kama karani. Ugbad akaenda jikoni kuchemsha chai. Sahro akakaa kwenye kizingiti cha chumba chetu, nami nikasimama nyuma yake, maana damu ilikuwa inanichemka na sikuweza kukaa.

Sasa waliongea Kisomali, na Kerrow alikuwa mtu mwingine kabisa, fasaha, mwenye kupima kila neno. Alieleza maslaha ni nini, kana kwamba sisi tulizaliwa Kitui. Alisema mahakama huchukua mtu mmoja na kuacha chuki kwa mia. Alisema kisima ni cha watoto wetu sote. Sikatai kwamba baadhi ya maneno yake yalikuwa mazuri. Hicho ndicho kilichonichoma zaidi.

"Amani gani hiyo?" nilipayuka. "Khalif anapiga picha na miwani! Mmegawana ngamia wa jicho la mtu, mkala nyama, mkasema amani!"

"Binti," Kerrow akasema bila kunitazama, "wewe si wa upande wowote hapa."

"Mimi ni mwanasheria!"

"Bado," akasema Deeq.

Wallahi ningemrukia. Sahro alinishika mguu. Mzee Dubow akainua mkono, na sote tukanyamaza, hata mimi.

"Sahro," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Mimi sikuja kukutoa shule kwa kupenda. Nina mifugo na nina kisima kimoja. Maandishi yakifutwa leo, mbele ya watu hawa, utamaliza masomo yako, na hakuna mtu atakayekurudisha nyumbani, wala kukukataza. Nakupa neno langu. Na Kerrow atoe lake."

"Natoa," Kerrow akasema. "Maandishi yakifutwa, hatuna dai kwa Sahro, wala kwa ngamia, wala kwa kisima. Lakini ikiwa hataki, achukue mzigo wake sasa. Gari liko nje."

Sahro alikuwa analia bila sauti. Simu ilikuwa mapajani mwake. Kila mtu alimtazama yeye, na mimi nilikuwa nimeshaona yote: atakataa, atapandishwa gari, atarudi Griftu kuchunga na akili yake yote ile, na Deeq atavaa joho la uwakili siku moja. Nilihisi hasira mpaka machozi.

"Futa," sauti ikasema.

Alikuwa Ugbad. Alikuwa ametoka jikoni na birika na vikombe kwenye sinia, amesimama katikati ya sebule.

"Ugbad?" Sahro akasema.

"Futa, abaayo. Mimi nakuomba. Maliza shule."

Nilimkodolea macho. Nimepigana kwa ajili yake siku ngapi, nimetukanwa na watu wa Mandera nisiowajua, nimeaibishwa darasani, na yeye mwenyewe anasema futa! Nilifungua mdomo nimwambie, na Ugbad akanitazama kwa lile jicho moja, nikaufunga. Sahro alimwangalia mdogo wake. Kisha akachukua simu, akabonyeza, akabonyeza tena kuthibitisha. Deeq akafungua blogu kwenye simu yake, akaangalia, akamwashiria amu yake kwa kichwa. "Zamu ya Maji" ilikuwa imekwenda, na komenti zake zote, za Khalif na zangu.

Kerrow akashusha pumzi. Akainua viganja, na Dubow akainua vyake, na Fatiha ikasomwa, na sote tukasema amin na kupangusa nyuso, mimi pia, kwa maana Fatiha ni Fatiha hata ukiwa na hasira. Jambo likafungwa mbele ya watu. Sahro atasoma. Ngamia wabaki walipo, na kisima ni cha wote.

"Sasa tupe chai, binti yangu," Kerrow akasema. Alikuwa mchangamfu ghafla.

Ugbad hakumimina. Aliweka sinia chini, akaketi. Aliketi kwenye mkeka ule ule, mbele ya wazee wawili, akafunga mtandio wake vizuri.

"Adeer Kerrow," alisema, akimwita amu kwa heshima, "yale yaliyosomewa Fatiha sasa hivi ni nini? Nataka nisikie vizuri."

"Kwamba Sahro ataachwa asome, na sisi hatudai ngamia wala kisima."

"Kwa sharti gani?"

"Kwamba maandishi yafutwe. Na yamefutwa."

"Sharti jingine lipo?"

Kerrow akamtazama. "Hakuna."

"Vizuri," Ugbad akasema. "Asubuhi hii, mlipokuwa chuoni kwa Mwalimu, mimi nilikuwa kituo cha polisi. Nimemwandikishia Khalif kesi. Wameniandika kwenye kitabu chao, nimepewa nambari ya OB, na kesho naenda kwa daktari wa serikali anijazie fomu ya majeraha, ile P3."

Nje mtoto wa jirani alikuwa anampigia mbuzi kelele, nikamsikia kila neno.

"Umefanya nini?" Kerrow akasema. Akageuka kwa Dubow. "Dubow! Maslaha ilisomwa! Hili lilikubaliwa lisitajwe!"

"Lilikubaliwa na nani?" Ugbad akauliza. Sauti haikupanda hata kidogo. "Siku ile nilikuwa Wajir nimefungwa bandeji. Nani alikuja kitandani kwangu akaniuliza? Mlikubaliana nyinyi. Leo pia mmekubaliana nyinyi, kuhusu maandishi ya Sahro, na mimi nilikuwa hapo jikoni, hatua chache, mnanisikia nikiosha vikombe. Mimi sikutoa neno siku ile na sikulitoa leo. Sasa mtaniambia nimevunja neno lipi?"

Deeq alikuwa ameshafungua mdomo. Ugbad akamgeukia. "Na wewe, si ulisema darasani atahitajika shahidi? Sahro alinisimulia."

"Ni Mwalimu aliyesema," Deeq akajibu kwa sauti ndogo.

"Basi shahidi ni mimi. Ndiyo maana sihitaji maandishi ya mtu."

Kerrow akasimama. Alikuwa mwekundu hadi kwenye ndevu. Alimwambia Dubow amnyamazishe binti yake, amwamuru akaondoe ile kesi, vinginevyo hakuna kisima, hakuna ngamia, na Sahro apande gari sasa hivi.

Mzee Dubow hakusimama. Kwa mara ya kwanza tangu aingie alikuwa anamtazama Ugbad usoni. Alimtazama jicho lile lililozima, akaliangalia kama mtu anayesoma kitu alichopewa zamani akakataa kukifungua. Nilidhani atampiga. Nilijiandaa kuingia katikati.

"Fatiha imesomwa, Kerrow," akasema. "Hudai kwa Sahro, wala kwa ngamia, wala kwa kisima. Ulisema sharti ni moja. Mimi nilikuwepo."

"Dubow!"

"Neno limetoka. Kaa unywe chai, au nenda."

Kerrow akaenda. Deeq akamfuata, akiwa anatafuta kiatu chake mlangoni kwa mguu kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye simu, na nadhani kundi la ukoo lilikuwa linaungua tayari. Mzee Dubow alibaki ameketi na mikono juu ya magoti. Sahro alikwenda akaketi karibu naye.

Nami nilikuwa bado nimesimama mlangoni mwa chumba chetu, na hasira yangu yote iko pale pale, haina pa kwenda. Nilikumbuka maswali yake, mtu akienda baada ya muda mrefu, na kama ni lazima iwe Griftu. Nilimjibu yote mawili nikiwa nimeinamia simu, napigania jicho lake. Tulikuwa tumeandika komenti hata sijui ngapi, darasa zima la ushahidi, chini ya swali la Mwalimu la nani anaweza kuwa shahidi. Na shahidi alikuwa jikoni kwangu anatukatia vitunguu.

"Ugbad," nilisema, "kwa nini hukuniambia? Ningekuja na wewe."

"Hukuniuliza," akasema.

Hakusema kwa chuki. Angesema kwa chuki ningejua la kujibu. Kisha akalisukuma lile birika kuelekea kwangu kwa vidole viwili, juu ya mkeka.

"Leo mimina wewe, Ilhan," alisema. "Mimi nimechoka. Anza na Aabo."